Mdomo Wangu, Sauti ya Andal

Aliyekosa gazeti la wiki jana asihangaike. Nilimzika mume wangu, ndugu zake wakachukua nyumba, nikahamia chumba cha juu kwa mpwa wangu hapa Kodambakkam, mtaa wa studio za filamu, na simu ya kazi ikanyamaza kwa miaka. Halafu akaja kijana mwenye ndevu, Kathiravan, dairekta, akaniambia ana filamu, mimi ndiye mama mtu, na humo nitazungumza kwa sauti yangu mwenyewe.

Nilipokomea, nilikuwa nimesimama kizingitini kwenye nyumba ya kijijini tuliyokodi kwa ajili ya picha. Taa zimewashwa, kamera tayari, na Kathir anapaza sauti, "Anza!"

Muuza maua wa mtaani kwetu, ambaye huniita Amma, yaani mama, kama wote, amenisumbua juma zima.

"Sasa Amma, shida iko wapi hapo? Si uongee tu? Mbona mimi naongea tangu asubuhi?"

Kumbe hata yeye hajui. Basi niwaambie wote.

Mimi ni mtu wa Nellore. Nililetwa huku nikiwa binti mdogo, sijui Kitamil hata cha kuombea maji. Dairekta wangu wa kwanza, mzee mmoja mwenye kikohozi, aliniita pembeni.

"Mtoto, usihangaike na maneno. Wewe hesabu tu kwa lugha ya kwenu. Moja, mbili, tatu. Ila uhesabu kwa uchungu. Sauti tutaiweka baadaye."

Sauti waliyoiweka ilikuwa ya Andal, mwanamke wa studio aliyekuwa akiwasemea waigizaji.

Kwa hiyo zile filamu zote mlizolia nazo, nilikuwa nahesabu. Nilipomlaani mama mkwe mbele ya sanamu ya mungu, nilifika ishirini. Nilipopenda, pale kwenye maporomoko ya maji, sikuvuka tano. Kitamil nilikuja kukijua, nagombana kwa lugha hiyohiyo na wauza mboga hadi leo. Lakini maprodusa hawakuwa na haja nacho. Watu walishaizoea sauti ya Andal, laini, tamu. Yangu inakwaruza, na Nellore imejaa ndani yake.

Watu wakinikuta hekaluni hunishika miguu kwa heshima. Nikiwajibu, "Ubarikiwe mwanangu," wanageuka kutazama nyuma yangu kuona nani aliyesema.

Kwa hiyo nilichokuwa nataka kwa Kathir hakikuwa pesa wala sifa. Nilitaka mara moja, kabla sijafa, nifungue mdomo kwenye filamu na mimi mwenyewe nisikike. Basi. Na hata hilo sikulihisi moyoni kama wanavyohisi watu. Tangu mume wangu afariki, ndani yangu kumekufa ganzi. Nilijua tu kwamba nalitaka, kama unavyojua mguu wako upo hata kama umeulalia.

Turudi kizingitini.

Kwenye hadithi, mimi ni mama mjane ninayemfukuza mwanangu wa pekee, kwa sababu akibaki watamuua. Mwana ni Adhiraj, steringi mwenyewe, yule ambaye picha yake mnaimwagia maziwa kama sanamu ya mungu. Maneno yangu niliyajua vizuri. Nilikuwa nikiyasema jikoni mpaka mpwa wangu akawa ananijibu kutoka bafuni.

Adhiraj akapiga magoti. Nikamtazama. Nikafungua mdomo.

"Kata!" Kathir alisema, na hakuna aliyesogea.

Wapishi wa kijijini walikuwa wanapangusa pua kwa ncha za sari. Mtu wa taa alikuwa amegeukia ukuta. Adhiraj alirudi kutoka langoni akanishika miguu, mabega yanatikisika, machozi yanadondoka kwenye vidole vyangu. Machozi ya kweli! Adhiraj, ambaye tangu aanze kazi hii amelia kwa dawa ya kutiwa machoni.

"Amma, umenikumbusha mama yangu," alisema.

Ndipo Selvam, fundi sauti, akavua vidude vyake vya masikioni.

"Dairekta, samahani."

"Nini tena, Selvam? Usiniharibie."

"Amma hakusema maneno."

"Hakusema vipi? Nimeona mdomo unakwenda."

"Ulikuwa unakwenda, ndiyo. Alikuwa anahesabu."

Kathir alinitazama. Kila mtu alinitazama. Adhiraj naye alikuwa amesikia tangu mwanzo, ila yeye waigizaji wenzake wamemhesabia maisha yake yote. Hakuona ajabu.

"Amma, kweli?"

"Sijui, mwanangu," nilisema, na ilikuwa kweli. "Kama Selvam kasema, basi nimehesabu."

Kathir akakaa chini, palepale kwenye vumbi.

Tulirudia. Sasa maneno yalitoka yote, kwa sauti yangu, yamenyooka, hakuna hata moja lililopotea. Lakini machozi ya Adhiraj yalikuwa yamekwisha. Akaketi pembeni akamfikiria mama yake, hayakuja. Akamfikiria mbwa wake aliyekufa, hayakuja. Wakamletea kitunguu, akapiga chafya. Siku ya pili asubuhi alipanda ndege kwenda Hyderabad, kwenye filamu nyingine, na huko wakamnyoa ndevu alizozifuga kwa filamu yetu. Hakukuwa na kurudia tena.

Ningependa kuwaambia kwamba nililia. Sikulia. Nilikunywa kahawa, nikaomba na ya pili.

Produsa wetu ni Chokkalingam, mtu mzima mwenye tumbo na majivu matakatifu paji zima la uso. Alituita ofisini, mimi na Kathir, akatuwekea kile kipande kwenye runinga bila sauti. Akakitazama mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, huku anajifuta macho.

"Hii picha haitupwi," akasema. "Hata nyumba ikiungua, naokoa hii kwanza halafu mke wangu. Tunaingiza sauti."

"Amma ataingiza mwenyewe," Kathir akadakia. "Filamu hii ni sauti yake. Tulikubaliana."

"Nani kakataa? Mpe studio asubuhi moja. Akiweza, yake. Asipoweza, tuongee lugha nyingine."

Jamani, nani angedhani kuna ugumu? Mdomo ni wangu. Maneno nayajua. Nilisimama mbele ya maikrofoni, nikajitazama kwenye skrini kubwa, mwanamke wa mvi anamfukuza mwanawe, nikaanza.

"Amma, umechelewa," Selvam alisema nyuma ya kioo.

Nikaanza tena.

"Amma, sasa umewahi."

Nikaanza tena. Maneno yangu yalikuwa marefu kuliko midomo yangu. Yule mwanamke wa kwenye skrini alifunga mdomo mimi nikiwa bado katikati ya sentensi, na nikimkimbilia ananiacha. Sikuweza kumfuata mtu ambaye ni mimi. Mpaka mchana tulikuwa hatujapata hata mstari mmoja.

Chokkalingam alikuwa amekaa nyuma kimya, anakula korosho. Akasimama akakung'uta mikono.

"Basi, Amma umejitahidi, usijilaumu. Kathir, kamwite Andal."

"Kwa tukio hili tu," Kathir akasema.

"Tukio hili tu? Mtu mmoja ana sauti mbili? Akifungua mlango anakwaruza, akifika kizingitini ni asali? Watu watanichomea viti! Akija Andal, filamu nzima ni Andal, kuanzia mwanzo."

Kathir akanitazama nimsaidie kubisha. Mimi nikamwomba Chokkalingam korosho. Nilikuwa na njaa.

Lakini nilipotoka pale sikwenda nyumbani. Nilikwenda mtaa wa Saligramam, kwa Andal, kabla gari la produsa halijafika kumchukua.

Mtadhani mimi na Andal ni mashoga wa kufa na kuzikana. Si hivyo. Nikimaliza mimi kazi ndipo inaanza yake, kwa hiyo hatukukutana ila kwa nadra. Tuliwahi kula pamoja kwenye harusi, kila mmoja na jani lake la mgomba, na hatukujua la kusema. Nyumbani kwake sikuwa nimewahi kufika.

Alifungua mlango mwenyewe, mwembamba, mvi zake kazibana nyuma.

"Eeh! Leo mdomo umekuja kwa miguu yake!"

"Na sauti imezeeka lakini bado inachoma," nikamjibu.

Akacheka. Jamani, kile kicheko! Mnakijua. Ni changu kile.

"Vua viatu uingie. Na usikae hapo, hicho kiti cha paka."

Akaniletea kahawa kwenye bilauri, akaketi kitandani akawa anafunga maua ya yasmini kwenye uzi. Sikuzunguka. Nilimweleza yote: kijijini, kuhesabu, machozi ya Adhiraj, asubuhi ya studio, na gari la Chokkalingam linalokuja.

"Unajua kwa nini umeshindwa?" akasema. "Wewe unataka kutia maneno yaliyoandikwa. Hayatoshi mle. Midomo yako mimi naijua kuliko mumeo, Mungu amrehemu. Ukifika saba unafungua mdomo mpana, hapo panataka 'mwanangu'. Ukifika nane unaumana meno, hapo usiweke kitu, hapo vuta pumzi. Wenzangu walikuwa wanakuogopa. Walisema, huyu Hemalochani hahesabu sawasawa, akiwa na huzuni anaruka sita."

"Mimi naruka sita?"

"Kila mara."

Sikuwahi kujua hilo.

"Dada Andal, nimekuja kukuomba. Wakikuita, kataa. Njoo unifundishe tu."

Mikono yake ikasimama kwenye maua.

"Unaniomba nikatae kazi."

"Ndiyo."

"Hema, mimi sijaitwa tangu ulipoacha kuitwa wewe. Unafikiri walinipa midomo mingine? Walisema, sauti hii ya Hemalochani, tukimtia mtu mwingine watu watacheka. Ulipokaa nyumbani na mimi nikakaa."

"Najua."

"Hujui." Hakusema kwa hasira. "Nikienda sokoni nikauliza mchicha bei gani, soko zima linageuka. Wanakutafuta wewe. Macho yao yananipita kama nguzo ya umeme. Ukitazama orodha ya majina kwenye zile filamu zako, utaona jina la mpishi, utaona la mwenye farasi. Langu tafuta mpaka kesho."

Nilipaswa kumwonea huruma, na nilitafuta hiyo huruma ndani yangu, sikuipata. Nikasema, "Kahawa yako nzuri."

Akanitazama muda. Halafu akakata uzi kwa meno, akanichomeka yale maua nyweleni.

"Haya. Nitakuja. Nitasimama nyuma yako, nikuwekee mkono mgongoni. Nikigonga, sema. Nikiacha, nyamaza. Usitazame skrini hata kidogo, wewe sikiliza mkono."

Alikubali haraka hivyo, na mimi sikujiuliza chochote. Niliteremka ngazi nikaenda zangu.

Kesho yake tulipoingia studio, Chokkalingam aliinuka na tumbo lake kumlaki.

"Andal Amma! Bado ipo hiyo asali kooni?"

"Asali haiozi, mzee. Lakini kwanza tumjaribu mwenye mdomo."

"Tulishamjaribu!"

"Hamkumjaribu na mimi."

Chokkalingam akatazama saa, akaguna, akakubali. Selvam aliwasha kafuri mbele ya maikrofoni kama tufanyavyo kuiombea kazi baraka, sote tukapitisha mikono juu ya moto tukajigusa macho. Mlango ukafungwa. Taa nyekundu ikawaka. Nikainamisha kichwa nisione skrini.

Vidole vya Andal vikagonga chini ya shingo yangu. Nikasema.

Vikaacha. Nikanyamaza.

Vikagonga tena, mara hii kwa wepesi, nikasema wepesi. Akaburuza kiganja, nikavuta neno. Pale penye nane alinibonyeza kwa nguvu nikavuta pumzi tu, na nilisikia mwenyewe jinsi pumzi ile ilivyokwaruza.

Mstari wa kwanza ukapita, na wa pili. Nikainua macho kwa kuiba nimwone Selvam nyuma ya kioo. Dole gumba lake lilikuwa juu. Kathir alikuwa amejifunika mdomo kwa mikono yote miwili.

"Usitazame," Andal akaninong'oneza walipotusimamisha kidogo. "Bado tamko la mwisho."

Niseme kitu kimoja. Hapo nilihisi. Si furaha, sidanganyi, lakini ule mguu nilioulalia miaka hii yote ulianza kuchomachoma kama unapoamka. Sauti yangu ilikuwa inatoka kinywani mwangu na inakaa. Niliogopa sana. Niliogopa kwamba naitaka kweli.

Kwenye tamko la mwisho ndipo walipolia wapishi kule kijijini. Mama amemfukuza mwanawe, amemtupia mfuko wake, mwana ameshafika langoni. Ndipo mama anamwita. Mwana anageuka, anadhani amesamehewa. Na mama anamuuliza, "Umekula, mwanangu?" Hakuna kingine. Filamu nzima inakaa juu ya hilo.

Taa ikawaka. Nikainama. Nikasubiri.

Mgongoni hapakuwa na kitu. Nikasubiri. Nikajua kwenye skrini mwana sasa yuko langoni. Sasa anageuka. Vidole vikagonga, nikajaza kifua pumzi.

"Umekula, mwanangu?"

Ilikuwa sauti tamu. Ilitoka kando ya sikio langu, nyuma ya bega, ikaenda moja kwa moja kwenye maikrofoni. Mimi nilikuwa bado nimeshika pumzi yangu kifuani.

Nyuma ya kioo Chokkalingam alirukaruka na tumbo lake.

"Hiyo! Hiyo hiyo! Huyo ndiye Hemalochani! Jamani mwili mzima umenisisimka! Selvam, futa hayo mengine yote, tunaanza mwanzo na hii!"

Selvam hakugusa kitu. Mkono wake ulikuwa juu ya mashine, anamtazama Kathir. Kathir akasukuma mlango akaingia, anahema kama mtu aliyetoka mbali.

"Amma, niambie. Ukisema sauti yako ibaki, nitapigana naye, hata anifukuze. Lakini useme sasa hivi. Akishafuta, amefuta."

Nilimgeukia Andal. Sikuwa na hasira naye, kwa kuwa nilidhani nimeelewa. Mimi mbele ya kamera nilihesabu bila kujua. Yeye umri wake wote alikuwa akiuona mdomo huu ukifunguka kwenye skrini, anasema. Umefunguka leo, amesema. Ni kosa lilelile, na nilikuwa tayari kulisamehe, hata kulicheka.

"Dada, umejisahau tu," nikamwambia kwa upole. "Waambie umejisahau, wafute tamko hilo moja turudie. Kathir anangoja. Waambie."

Sote tulimngoja.

Andal akatoa mkono wake mgongoni mwangu. Akairekebisha sari yake begani, akanipita, akasimama mbele ya maikrofoni ili hata walio nyuma ya kioo wamsikie vizuri.

"Sikujisahau," akasema.